Ufunguo wa Tatu

Chini ya ngazi za lile jengo la maduka, pale ambapo wanaoshuka hugongana na wanaopanda na kila mtu anamwona mwenzake ndiye mkosaji, palikuwa na kibanda chenye dirisha moja na mashine moja ya kelele. Humo alishinda binti mmoja akichonga funguo. Watu walimwita Fundi, basi, na yeye aliitika bila kuinua macho. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano, na shingoni alikuwa na uzi mwekundu ulioshuka na kupotelea ndani ya gauni. Mwisho wa ule uzi kulikuwa na nini? Tulia, utajua. Si wewe peke yako uliyetaka kujua.

Kijana mmoja aliteremka ngazi mbio, shati la bluu limenyooshwa vizuri, futi ya ushonaji inaning'inia shingoni kasahau kuivua. Alimkanyaga mama mmoja, akageuka kuomba radhi, akamkanyaga tena, ndipo akafika dirishani anahema.

"Dada, habari za kazi? Ufunguo wangu umekatikia mlangoni. Unaweza kutengeneza mwingine? Kwani hizi zinatengenezwa kwa nini, chuma au shaba? Na hiyo mashine haikuumizi masikio? Umejifunzia wapi?"

"Kaka, nijibu lipi kwanza?"

"Lolote, mradi ucheke."

Fundi akacheka bila kupenda. Akanyoosha mkono, akapokea kipande cha ufunguo. Kilikuwa kishikio na meno mawili tu. Mengine yote yalikuwa yamebaki ndani ya kitasa huko mlangoni.

Sasa, kazi ya kuchonga funguo ni kazi ya kuiga. Unachonga unachokiona. Fundi yeyote mwenye akili timamu angemwambia kijana, nenda kavute kile kipande kingine kwanza, hapa siwezi kukusaidia. Lakini kidole gumba cha Fundi kilipita juu ya yale meno mawili, kikarudi, kikapita tena. Aliyajua. Aliyajua kuliko alivyoyajua meno yake mwenyewe.

"Kitasa cha wapi hiki?" akauliza, sauti kavu.

"Duka la mzee wangu. Vitambaa na mapazia, mtaa wa nyuma. Mimi ndiye nashona hayo mapazia. Vipi, unataka pazia?"

Fundi akachukua ufunguo ambao haujachongwa, akaubana, akawasha mashine. Kijana akaendelea kuuliza maswali juu ya kelele, na yeye akachonga meno yote, yale aliyoletewa na yale ambayo hakuletewa. Akaupangusa, akampa, na juu yake akamwazima kindoano chembamba cha kuvutia kile kipande kilichokwama.

"Kindoano utakirudisha."

"Lazima nikirudishe mwenyewe? Siwezi kumtuma mtu?"

"Ukimtuma mtu sikipokei," akasema Fundi, na kijana akapanda ngazi anatabasamu peke yake.

Alipotoweka, ndipo Fundi alipotazama vumbi la shaba mezani na kuelewa alichokifanya. Akajipiga paja. "Mjinga mimi!" Alikuwa amemchongea mteja meno ambayo mteja hakumletea.

Niseme sasa, usije ukamwona mchawi. Baba yake Fundi ndiye aliyekuwa fundi hasa, na mashine ile ilikuwa yake. Zamani kidogo, mwenye lile duka la vitambaa, mzee mfupi mwenye sauti kubwa ambaye watu walimwita Mzee Majora, alimpelekea ufunguo achonge wa pili. Haukupita muda duka likaibiwa, na mlango haukuvunjwa. Mzee Majora akasimama katikati ya mtaa akapiga kelele kwamba fundi wa funguo amejichongea wake. Polisi walikuja, wakamchukua, wakapekua, hawakuona kitu, wakamwachia. Lakini jina la fundi wa funguo likishaguswa, nani atampelekea tena ufunguo wa nyumba yake? Wateja walikata mguu. Baba akafunga kazi, na toka siku hiyo hakushika ufunguo tena. Hata wa nyumbani kwao hakuushika. Bintiye akichelewa kurudi, mzee alikaa kizingitini akingoja kufunguliwa mlango wake mwenyewe.

Mzee Majora alibadilisha kitasa. Funguo mpya akazipeleka kwa fundi mwingine, mtaa wa mbali, na huko aliyekaa kwenye mashine alikuwa huyu Fundi wetu, kibarua wakati huo, ila mzee hakumjua. Akamwambia, nichongee mbili. Binti akachonga mbili za mteja, akamkabidhi kwa mikono miwili na shikamoo juu. Halafu akachonga wa tatu, akautia uzi mwekundu.

Baba yake alikuwa na sheria moja kazini: ufunguo wa mteja haulali kwa fundi. Huu ulilala kifuani kwa Fundi miaka. Na chini ya meza ya kibanda lilikuwepo dumu la dawa ya kufulia, ile kali inayokula rangi. Siku duka litakapojaa mali na nyumba nzima ya Mzee Majora haipo, ataingia, atamwaga juu ya kila jora, atafunga mlango taratibu. Naye ajue uchungu wa kuamka asubuhi na kukuta kazi ya maisha yako imeharibika, wala mlango haukuvunjwa.

Na sasa mtoto wa Mzee Majora mwenyewe alikuwa amejileta.

*

Kindoano kilirudi kesho yake. Kikarudi pamoja na kitambaa kidogo cha maua, "cha kufunikia mashine, isishikwe na vumbi." Keshokutwa yake kijana alirudi bila kitu chochote, akajifanya anapita.

"Unapita kwenda wapi? Hapa chini ya ngazi ndio mwisho wa njia," Fundi akamwambia.

"Basi nimefika."

Alimpa jina papo hapo: Bwana Maswali. Namba za simu zikapeanwa, na simu zikaanza. Jamani, kijana yule aliuliza! Aliuliza kwa nini funguo zina tundu. Aliuliza kama Fundi akiwa mtoto alikuwa mkorofi. Aliuliza kama anaota ndoto za rangi.

"Na huo uzi mwekundu shingoni una nini?"

"Una shingo."

"Fundi, acha utani. Kuna nini chini yake?"

"Kuna mambo ya watu. Umekula?"

"Usinibadilishie mada, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Umesikia vizuri sana. Sasa jibu na wewe."

Fundi naye alikuwa na maswali yake. Dukani mnafunga saa ngapi? Mzee hukaa mpaka jioni? Mlinzi anaangalia mlango wenu tu au mtaa mzima? Aliyauliza kwa sauti tamu, akiyachanganya na umelala salama na nimekukumbuka, na kijana alijibu yote kwa moyo mweupe. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, Fundi alianza kujishika akiuliza mambo ambayo hayakuwa na faida yoyote kwenye mpango wake. Mgongo umepona? Lile pazia la zambarau limekubali mikunjo? Leo mbona sauti yako imechoka? Hapo nilijua kwamba amekwisha. Alimpenda, na alijichukia kwa kumpenda.

Jioni moja simu ikaita.

"Fundi wangu, nimekumbuka kitu. Kile kipande nilichokivuta kwenye kitasa nilikitupia kwenye kopo la vifungo. Leo natafuta kifungo, nimekutana nacho. Nikakilinganisha na ufunguo ulionichongea."

"Eeh."

"Meno yale yale. Sasa niambie, ulijuaje meno ambayo hukuyaona?"

Fundi aliusukuma ule uzi ndani zaidi ya gauni.

"Uzoefu," akasema.

"Uzoefu gani huo? Wa kuota?"

"Vitasa vya namna hiyo vinafanana, Bwana Maswali. Nenda kale."

Aliridhika? Thubutu. Ila alikuwa ameshapenda, akaliacha swali lipite, akakirudisha kipande kwenye kopo.

*

Jumapili zote Fundi na baba yake walikwenda kanisani, kanisa dogo lenye mabenchi yanayolia ukikaa. Jumapili moja Bwana Maswali akaomba kwenda nao. Alivaa suruali nyeusi na shati jeupe alilojishonea mwenyewe, kola imesimama. Baba alimpenda pale pale, bila kujua ni mtoto wa nani. "Huyu kijana anasikiliza," alisema. Kusikiliza alisikiliza kweli, maana baada ya ibada alimvuta Fundi pembeni.

"Nikuulize?"

"Ningeshangaa usipouliza."

"Mlipokuwa mnasali ile sala ya wote, ile aliyotufundisha Bwana. Sauti yako nilikuwa naisikia sikioni kabisa. Ilipofika pale pa kusamehe, ukanyamaza. Wenzako wakapita, wewe ukaja kuwadakia mbele. Kwa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuliona hilo. Hata baba yake hakuwahi.

"Nilikuwa nameza mate," Fundi akasema.

"Mate mengi."

Kijana akacheka, na Fundi akacheka, lakini jambo lilimkaa Fundi. Maana ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka ule. Hakuwa mnafiki. Neno asilolimaanisha hakuweza kumwambia Mungu, kwa hiyo aliliruka.

Na nyumbani hakupata nafuu. Kila jioni kabla ya chakula baba aliomba, na kila jioni alimtaja "ndugu yetu wa vitambaa". Fundi alifumbua macho akaitazama sahani.

"Baba, unamwombea nini yule?"

"Namwombea Mungu amshughulikie yeye, mimi nipate usingizi."

"Na unaupata?"

"Ninaupata, mwanangu. Wewe ndiye nakusikia unageuka geuka."

Halafu likaja lile alilokuwa akilingoja. Bwana Maswali alimpigia simu mchana, furaha imemjaa. Mapazia ya ukumbi mkubwa yamekwisha, yote, yamekunjwa, yanangoja kuchukuliwa Jumatatu. Na Jumapili nyumba nzima inasafiri, binamu anaoa, duka litafungwa kutwa.

"Twende wote, kipenzi. Nikutambulishe kwa mzee."

"Jumapili hii sitaweza," Fundi akasema. Mkono mwingine ulikuwa umeshika uzi mwekundu.

*

Jumapili asubuhi alimsindikiza baba mpaka mlango wa kanisa, akasema kichwa kinamuuma. Alirudi kibandani, akalichukua dumu, akalitia kwenye mfuko wa sokoni, akaenda mtaa wa nyuma. Mtaa ulikuwa mtupu, jua kali, mlinzi amelala kwenye kiti. Ufunguo ukaingia. Ukazunguka bila kukwama hata kidogo. Alikuwa fundi mzuri.

Ndani palikuwa na harufu ya nguo mpya. Majora yalisimama ukutani mekundu, ya kijani, ya dhahabu, na katikati mapazia ya ukumbi yamepangwa kufika kifuani. Alifungua kizibo cha dumu. Harufu kali ikamchoma pua. Akanyanyua.

Mezani kwa Bwana Maswali, karibu na cherehani, lilikuwepo aproni la turubai ambalo halijakwisha. Mifuko yake ilikuwa ya ajabu, myembamba, mirefu, mmoja mfupi. Fundi alitazama mara ya pili ndipo akaelewa. Ilikuwa mifuko ya tupa zake, zile za kusugulia meno ya funguo, kila moja na kimo chake. Kijana alikuwa amezipima kwa macho tu, pale dirishani, huku akiuliza maswali yake ya kipuuzi.

Akalishusha dumu. Akajaribu kulinyanyua tena, akashindwa. Hasira ikamgeukia Mungu.

"Umemleta yeye kunizuia, eti? Unanichezea?" alisema kwa sauti, katikati ya duka la watu. "Baba yangu hashiki ufunguo! Anakaa kizingitini mwa nyumba yake akingoja mtoto! Na mwenye kosa hajakosa usingizi hata siku moja. Hajaomba radhi. Nimsamehe kwa lipi? Niambie, kwa lipi?"

Ule mlango nyuma yake ulikuwa wazi, ufunguo unaning'inia kitasani na uzi wake mwekundu. Alipogeuka kuutazama, ndipo alipojiona. Fundi wa funguo amejichongea wake, akaingia dukani kwa mteja, wenye duka wakiwa hawapo. Neno kwa neno, alichosingiziwa baba. Yule mzee alikuwa amesema uongo, na yeye kwa mikono yake alikuwa ameufanya uwe kweli.

Alipiga magoti kwenye kapeti, palepale penye nyuzi na vipande vya vitambaa, akalia kama alivyokuwa hajalia hata siku baba alipochukuliwa. Hakuwa na maombi mazuri. Alisema, Bwana, nimechoka. Mchukue huyu mzee, mimi simtaki tena, nimembeba mno. Kisha akaanza ile sala ya wote, peke yake, na alipofika pale, sauti ikakwama, ikakwama, ikatoka. Alilisema lile neno lote, akamtaja na Mzee Majora kwa jina lake.

Hakuona mwanga wala nini. Alisikia njaa tu, njaa ya kweli, kama mtu aliyepona homa. Alifunga kizibo, akafunga mlango, akaenda kumwaga dawa kwenye mtaro.

*

Alimweleza baba yote jioni ile. Mzee alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Na mimi kila siku namwambia Mungu mikono ya nyumba hii ni safi," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Baba. Kesho naurudisha."

"Unajua atakachosema?"

"Atasema alikuwa na haki tangu mwanzo. Jina lako litachafuka upya, kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma."

"Ungeweza kuusaga. Unautia kwenye mashine, unakuwa unga, hakuna atakayejua."

"Wewe ungeusaga?"

Baba akafikiri. "Hapana."

"Basi."

Jumatatu Fundi alivaa gauni jeupe lenye vitone vyeusi, viatu vya kufunika, akaingia dukani wakati vijana wa ukumbi wanamalizia kupakia mapazia. Mzee Majora alikuwa nyuma ya meza, miwani juu ya paji, mkasi mkononi. Bwana Maswali alipomwona aliruka kutoka kwenye cherehani.

"Baba, ndiye huyu niliyekuwa nakueleza!"

"Shikamoo, mzee," Fundi akasema, akavua uzi shingoni, akauweka ufunguo mezani. "Huu ni wa mlango wako. Niliuchonga mimi, siku ulipoleta funguo mpya kule mtaa wa mbali. Ulisema mbili, nikachonga tatu. Mimi ni binti wa fundi uliyemsingizia."

Mzee Majora aliutazama ufunguo, akamtazama binti, uso ukavimba.

"Nilisema! Nilisema mimi! Watu wa funguo si watu!"

"Baba yangu hakuchonga wa kwake hata siku moja. Huu niliuchonga baada ya wewe kumharibia jina. Na jana mlipokuwa harusini niliingia humu. Nilikuwa na dumu la dawa ya kula rangi. Ukitaka kuita polisi, ita, mimi nipo."

Mzee alikimbilia majora yake, akayapapasa moja moja. Hakuona doa. Akarudi mezani, hasira na mshangao vinagombana usoni.

"Kwa nini hukumwaga?" Hapo ndipo ungejua maswali ya kijana yametoka kwa nani.

"Nilikusamehe."

"Mimi sijakuomba msamaha!"

"Najua, mzee wangu. Ningengoja uombe, ningezeeka na dumu mkononi."

Mzee Majora akaupiga mkasi mezani. Lakini Fundi hakuwa akimtazama tena. Bwana Maswali alikuwa amechukua kopo la vifungo, amelimimina mezani, na katikati ya vifungo ameokota kile kipande cha ufunguo. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili.

"Nilikuuliza," akasema taratibu. "Ukaniambia uzoefu."

"Nilikudanganya."

"Mnafunga saa ngapi. Mlinzi yuko wapi. Mimi nikadhani napendwa, kumbe ulikuwa unaupenda mlango."

"Mwanzoni ndiyo. Halafu haikuwa hivyo tena. Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo. Leo sina swali," akasema, akarudi kwenye cherehani, akaanza kushona pazia bila hata kutunga uzi.

*

Simu ya Fundi ikawa ya kuangalia saa. Haikuita asubuhi, haikuita jioni. Hakuna aliyepita chini ya ngazi akijifanya anapita. Usiku alilala vizuri, hilo niseme kweli tupu. Ile chuki ilikuwa imeondoka na haikurudi. Lakini alimkosa yule kijana mpaka kifua kikamuuma. Alikipangusa kile kitambaa cha maua juu ya mashine, akalia, akachonga funguo za watu, akalia tena.

"Utampigia?" baba akamuuliza.

"Nimempigia. Hapokei. Ana haki."

Jumapili moja benchi lililia nyuma ya mgongo wake, mtu amekaa. Hakugeuka. Ibada ikaenda, wakasimama wote kwa ile sala, na walipofika pale, Fundi alipita pamoja na wenzake, sauti yake moja kwa moja. Nyuma yake mtu akashusha pumzi.

Nje, kivulini kando ya ukuta, Bwana Maswali alikuwa amesimama na shati lake la bluu, kakonda kidogo, futi shingoni. Jumapili na futi!

"Leo hukumeza mate," akasema.

"Yamekwisha."

"Nina maswali mawili."

"Mawili tu? Unaumwa?"

Alitaka kutabasamu, akajizuia. "Siku ile ya kwanza, ulicheka kabla hujakishika kile kipande. Kile kicheko kilikuwa cha nani?"

Fundi akafikiri, maana hakutaka kudanganya tena kamwe. "Chako. Nilikuwa sijajua wewe ni nani. Kilikuwa chako wewe."

Kijana akatikisa kichwa polepole. Kumbe siku zote hizo alikuwa akijiuliza hilo moja.

"La pili?"

"Aproni uliliona siku ile mezani?"

"Niliona mifuko. Mfuko wa tupa bapa umekosea, ni mfupi."

"Haujakosea! Nilipima kwa macho!"

"Basi macho yako mafupi."

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko kijana akamshika mkono. Alimwambia alikuwa na hasira, tena sana, na kwamba alijaribu kumsahau akashindwa hata asubuhi moja. Alimwambia pia kwamba nyumbani hakukaliki. "Mzee ananiuliza kuliko mimi ninavyouliza watu. Yule binti alisema nini tena? Baba yake anaishi vipi? Kweli hashiki ufunguo? Jana ameamka akasema kitasa kibadilishwe. Nikamwambia nitatafuta fundi. Akasema, fundi gani wa kutafuta, si yupo yule mzee?"

Fundi hakungoja amalize. Alimkimbilia baba yake aliyekuwa akiagana na watu mlangoni, akamweleza.

"Alinitaja?" baba akauliza.

"Amekutaja."

"Kwa jina?"

"Amesema yule mzee."

"Basi ndiye mimi," akasema baba, na mikono yake ikaanza kujifutafuta kwenye koti.

*

Baba alikwenda dukani Jumamosi, kavaa koti lile la kanisani, sanduku la vyombo mkononi. Fundi alivaa aproni jipya, na mfuko wa tupa bapa ulikuwa umeongezwa. Wazee wawili walisalimiana bila kutazamana. Baba akapiga goti mbele ya mlango uliomwangusha, akafungua skrubu moja moja. Mara ya kwanza bisibisi ilimteleza. Mara ya pili haikuteleza. Mzee Majora alizunguka zunguka, akakohoa, mwishowe akachukua tochi, akaja kumulika tundu la kitasa ingawa ilikuwa mchana.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu," alisema akiitazama tochi. "Ukawa karibu."

"Nimeshakuombea sana," baba akajibu. "Sogeza mkono, unanizibia."

Kitasa kikakaa. Baba akazungusha ufunguo, mlango ukafunga, ukafungua. Akausimamisha mkononi, ule ufunguo, akautazama kama aliyekutana na mtu wa zamani. Fundi alilazimika kugeukia ukutani.

"Kimekuja na mmoja," baba akasema. Akaubana ule ufunguo kiganjani, maana swali linalofuata lilikuwa ndilo lililomharibia maisha. "Mnataka ziwe ngapi, mzee?"

Mzee Majora alishusha miwani kutoka kwenye paji.

"Tatu."

"Za nani?"

"Wangu. Wa kijana." Akakohoa tena. "Na wa huyu binti. Akishakuwa wa hapa ataingilia dirishani?"

"Baba!" Bwana Maswali akapiga kelele, uso unawaka. "Mimi bado sijamuuliza!"

"Kuuliza kote huko tangu umezaliwa, hilo ndilo limekushinda?"

Kijana akavua futi shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaja kusimama mbele ya Fundi. Mdomo ulifunguka, lakini kwa mara ya kwanza tangu ateremke zile ngazi hakuna swali lililotoka. Macho tu ndiyo yaliyouliza.

Fundi alitoa tupa bapa kwenye aproni lake. Akapita mbele ya kijana, akaenda kuiweka kwenye kiganja cha baba yake, akavifunga vidole vya mzee juu yake.

"Chonga tatu, Baba," akasema.

Baba akavaa miwani, akakaa kizingitini mwa duka la Mzee Majora, akaanza kuchonga.